Kebini inaachia kamba kituoni kisha inaidaka tena: ni nini kinachoishika?

mama_ibra

Wakuu, salaam. Naishi Innsbruck, Austria, huu ni mwaka wa tatu. Jumapili nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa kucheza theluji Patscherkofel, ule mlima ulio juu ya mji. Tulipanda zile kebini za watu kumi zinazoning'inia kwenye kamba ya chuma.

Sasa, wakati wa kupanda niliona jambo lililoninyima raha. Kebini inaingia kituoni mbio, halafu inapunguza mwendo mpaka unaingia kwa kutembea tu, kama unaingia sebuleni. Lakini kamba haikupunguza chochote! Niliitazama kwa macho yangu haya, inakwenda kasi ile ile. Maana yake kebini imeiachia. Mlango ukajifunga, tukasukumwa mbele, kukalia "kla!" juu ya vichwa vyetu, na sekunde ileile tuko hewani.

Ibra akaniuliza, "Mama, kama inaweza kuachia pale chini, si inaweza kuachia na hapa?" Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono njia nzima, na kurudi tulishuka kwa miguu, saa mbili na nusu kwenye matope ya theluji, kwa sababu sikuweza kupanda tena.

Nimewauliza wenzangu kazini, wote wananiambia ni salama, usiwe na wasiwasi. Sitaki kuliwazwa. Nataka kujua ni kitu gani kinachoishika. Kuna anayefahamu?

kijana_wa_tabata

Pole dada. Mimi nadhani ni sumaku za umeme, zinawashwa na kuzimwa na kompyuta. Na umeme ukikatika lazima kuna betri ndani ya kebini. Wenzetu hawawezi kuacha kitu kama hicho bila betri.

fundi_machame

Dada, umeona kitu ambacho watu wanapanda miaka ishirini bila kukigundua. Mimi ni mtu wa Machame, nilikuwa fundi wa malori Moshi mjini kabla ya kuja huku, na huu ni msimu wangu wa kumi na moja kwenye lifti za bonde moja hapahapa Tirol. Kiangazi, theluji ikiyeyuka, kazi yangu ni kuvifungua hivyo vinavyoshika kamba, kimoja kimoja, na kuvisuka upya. Wenyeji wanakiita Klemme. Mimi nakiita kibanio. Naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu swali la Ibra ndilo swali lenyewe.

Kaka wa Tabata, nikusahihishe kwa heshima: hakuna sumaku, na hakuna umeme wowote unaohusika na kushika. Kinachoshika ni springi.

Chukua kibanio cha nguo, kile cha kuanikia. Ukikiacha peke yake, kimefunga. Ili kifunguke lazima vidole vyako vikiminye kwa nyuma. Ukiondoka ukaenda zako, kinabaki kimeng'ata kamba usiku kucha. Kibanio cha kebini ni hichohicho, ila taya zake ni za chuma cha kufua, springi zake huwezi kuziminya kwa mikono hata mkiwa watu kumi, na mahali pa vidole kuna mkono wa chuma wenye kigurudumu kidogo mwishoni. Kebini ikiwa angani hakuna kitu cha kuuminya mkono ule. Kinachouminya kipo kituoni tu: reli iliyopinda, imefungwa kwa boliti kwenye dari. Kigurudumu kikifika pale, reli inakikandamiza, springi inashindwa nguvu, taya zinafunguka, kamba inatoka na kwenda zake. Reli ikiisha, springi inazirudisha taya.

Kwa hiyo mwambie Ibra hivi: ufunguo wa kuachia haumo ndani ya kebini. Umebaki kituoni.

Waliowahi kufungua breki za upepo za lori watanielewa haraka, zile za nyuma zenye springi kubwa ndani ya kopo. Upepo hauzuii gari pale. Springi ndiyo inayozuia, upepo kazi yake ni kuifungua. Upepo ukivuja, lori linajifunga lenyewe. Nilipokifungua kibanio cha kwanza maishani mwangu nilikitambua papo hapo. Nilijiona niko gereji Moshi.

Sasa sehemu ya pili, ya kuidaka kamba tena. Hapa ndipo penye ufundi hasa.

Umewahi kumwona konda anavyodandia daladala lililokwishaondoka? Hasimami akanyoosha mkono. Anakimbia kwanza sambamba na mlango, na miguu yake ikishapata mwendo wa gari ndipo anashika bomba. Akishika kabla ya hapo anaburutwa. Kebini nayo inadandia namna hiyohiyo. Siku nyingine ukiwa kituoni tazama juu: utaona safu ya matairi madogo ya mpira yamepangwa kufuata njia ya kebini, yote yanazunguka. Juu ya kibanio kuna bamba bapa, na matairi yanaligusa bamba hilo na kulisukuma. Wakati huo kebini imebebwa na magurudumu yake juu ya reli ya kituo, haina deni lolote na kamba. Matairi ya mwanzo yana kasi ya kamba. Linalofuata ni polepole kidogo, la tatu polepole zaidi, hivyo hivyo mpaka pale mnapopandia. Upande wa kutokea ni kinyume: kila tairi lina haraka kuliko lililolitangulia, na la mwisho lina kasi ya kamba kamili.

Kamba za aina hii huenda kama mita 5 au 6 kwa sekunde. Mita 6 ni kilomita 21.6 kwa saa. Mnapopandia, kebini inatambaa kama sentimita 30 kwa sekunde. Piga hesabu: tuseme kila sekunde 12 inatoka kebini moja. Angani zitaachana mita 72. Kituoni, kwa mwendo ule wa kutambaa, zitaachana mita 3.6 tu. Ndiyo maana uliziona zimebanana kama ng'ombe wanaoingia josho. Na kebini ya watu 10 kila sekunde 12 ni watu 3,000 kwa saa, bila kuisimamisha kamba hata mara moja.

Je, nani anayazungusha hayo matairi? Kamba yenyewe! Hili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Kuna puli inayoguswa na kamba, inachota mwendo wake, na mikanda inaupeleka mwendo huo kutoka tairi moja hadi jingine, kila hatua puli ikiwa na ukubwa tofauti kidogo na ya nyuma yake. Upepo ukizidi tukapunguza kasi ya kamba, matairi nayo yanapungua saa ileile, kwa kiasi kilekile. Hakuna anayekisia. Vipo vituo vinavyotumia mota za umeme badala ya mikanda, navyo vinafanya kazi vizuri, lakini mimi mkanda naugusa kwa mkono nikajua hali yake.

Ule mlio wa "kla" ni taya zikifunga. Kasi ya kebini na ya kamba zilikuwa moja, ndiyo maana hamkutupwa nyuma.

bint_tanga

Asante sana fundi, nimesoma mara mbili. Ila mimi nilipanda ya Table Mountain, Cape Town, mwaka juzi. Kule kebini ilipofika kituoni kila kitu kilisimama, tukashuka, wengine wakapanda, ndipo ikaanza tena. Mbona hiyo haiachii kamba?

fundi_machame

Dada wa Tanga, ile ni aina nyingine kabisa. Table Mountain, iliyofunguliwa mwaka 1929, ina kebini mbili tu. Zile za kuzunguka, za watu 65, zililetwa 1997. Kebini inatembea juu ya kamba nene zisizosogea, na kamba nyingine inaivuta. Moja ikipanda nyingine inashuka, kama ndoo mbili za kisima kimoja. Zimefungwa moja kwa moja na kamba inayozivuta, hazina haja ya kuachia, kwa hiyo lazima kila kitu kisimame ili watu washuke. Nzuri kwa mlima wenye jabali kama ule, ambao huwezi kusimika nguzo nyingi. Lakini njia ikiwa ndefu, foleni nayo inakuwa ndefu.

Vilevile kuna viti vya kizamani vilivyokazwa kwenye kamba moja kwa moja. Vile haviwezi kupunguza mwendo kituoni, basi kamba nzima inaendeshwa polepole ili kiti kisikuvunje magoti. Kuachia kamba ndiko kulikoondoa shida hiyo. Kiti cha watu wanne cha kasi, chenye kuachia, kilianza Breckenridge, Colorado, mwaka 1981, na siku hizi mlima mkubwa usio nacho ni nadra.

Kama upo London au unapita, kebini zinazovuka mto Thames kutoka Greenwich, zilizofunguliwa 2012, ni za aina hii ya kuachia. Hakuna theluji wala mlima, na unaweza kuyaona matairi bila kuvaa koti zito.

mzee_wa_mikindani

Wanangu hamjambo. Fundi, maelezo yako yamenyooka, Mungu akuzidishie. Mimi nimekuwa baharini miaka mingi na nimejifunza kuuliza swali moja juu ya kila chombo: kimewahi kuua? Tueleze ukweli.

fundi_machame

Shikamoo mzee. Kimewahi, ndiyo, na nitaeleza.

Tarehe 23 Desemba 1995, Whistler, Kanada. Ilikuwa lifti ya viti vya kuachia, si kebini, lakini kazi ya kibanio ni ileile. Jioni watu walikuwa wakishuka navyo kurudi chini. Lifti ikasimama kwa ghafla, breki za dharura, na kiti kimoja kikateleza juu ya kamba kikakipiga cha mbele yake, na hicho nacho kikasukuma kingine. Viti vikaanguka na watu wakiwa juu yake. Watu wawili walifariki, wengine wakaumia vibaya. Vibanio vile havikuwa na springi za chuma. Vilikuwa na vipande vya mpira vikifanya kazi ya springi. Baada ya hapo vibanio vya aina hiyo viliondolewa, kwenye milima mingine wakabadilisha lifti nzima.

Kila ninapomfundisha kijana mpya kazi hii namsimulia Whistler kabla sijampa spana. Kuteleza ni kubaya kuliko kuachia, kwa sababu taya zinakuwa zimefunga, kwa macho unaona kila kitu kiko sawa, ila nguvu ya kuminya ndiyo imepungua. Macho hayawezi kuona nguvu. Lazima ipimwe.

Basi inapimwa hivi. Kituoni, kipande kimoja cha reli inayokandamiza mkono wa kibanio kimewekwa juu ya mzani. Kigurudumu kikipita, mzani unasoma springi inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kila kibanio, kila kinapopita, siku nzima. Nguvu ikiwa pungufu, lifti inasimama yenyewe na chumba cha usukani kinaandika namba ya kebini. Halafu taya zikishafunga kamba kuna kipimo kingine, cha umbo: taya zimefika pale zinapotakiwa kufika, au kuna kitu kimezizuia katikati? Zisipofika, lifti inasimama kebini ikiwa bado juu ya reli ya kituo, haijatoka nje. Na vibanio vingi vya siku hizi vina springi mbili, ili moja ikivunjika nyingine iendelee kubana mpaka kebini ifike kituoni na ule mzani uiseme.

Kiangazi ndipo tunapovishusha. Kibanio unakifungua chote, unakiosha mafuta yote ya zamani, unaweka springi pembeni, pini pembeni, taya pembeni. Ukiishika taya mkononi utaona alama za nyuzi za kamba zimejichora ndani yake, mistari ya mshazari inayong'aa, kama alama za mkeka kwenye shavu la mtu aliyelala. Unapitisha kidole. Ukisikia kingo kali, imekula. Kisha vipande vinasumakishwa, vinamwagiwa maji yenye chembechembe za chuma zinazowaka rangi, tunazima taa za gereji na kuwasha taa ya zambarau. Kama kuna ufa, hata mwembamba kuliko unywele, chembe zinajipanga juu yake na unauona mstari wa kijani umetokea gizani. Katika miaka yote hii nimeuona mara mbili, mara zote kwenye pini. Sijasahau hata mmoja. Unakaa kimya kidogo, unaweka pini ile kwenye sanduku jekundu, unaandika namba yake, unaendelea na inayofuata.

kijana_wa_tabata

Fundi nimejifunza, asante kwa kunisahihisha bila kunidhalilisha. Swali langu: barafu? Kama taya zinabana kamba na huko kila kitu kinaganda, barafu ikiingia katikati si kamba itateleza?

fundi_machame

Kaka, hapo umegusa penyewe.

Ilikuwa Januari, msimu wangu wa nne. Jioni ilinyesha theluji tepe, ile ya maji, na kebini zikarudishwa bandani zikiwa zimelowa. Usiku mbingu ikafunguka, asubuhi saa kumi na mbili kipimajoto kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Tukawasha lifti polepole kama kawaida, tukaanza kuzitoa kebini. Ya kwanza, lifti ikasimama. Tukaangalia chumba cha usukani: nguvu ya springi iko sawa, kipimo cha umbo ndicho kimekataa. Tukairudisha bandani. Ya pili, ikasimama. Ya tatu, ikasimama.

Nikapanda ngazi na tochi. Ndani ya taya kulikuwa na utando wa barafu, safi kama kioo, unene wa kadi ya benki. Kwa mbali huwezi kuuona. Maji yalikuwa yametiririka usiku yakagandia palepale kamba inapotakiwa kukaa. Taya zilifunga kwa nguvu zote, lakini juu ya barafu.

Msimamizi wetu hakusita. Alisema hakuna kebini inayotoka mpaka taya zake ziguswe kwa mkono. Tulikuwa watu watano, kebini zilikuwa 46. Huruhusiwi kutumia nyundo wala bisibisi, utaikwaruza taya. Tulitumia vipande vya mbao na mashine ya hewa ya moto, kisha unafuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ukiacha maji yanaganda tena kabla hujashuka ngazi. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo baridi ikizidi vinakufa ganzi. Tulitakiwa kufungua saa mbili na nusu, tukafungua saa nne kasoro. Chini kulikuwa na foleni mpaka barabarani, na baba mmoja alinifokea mbele ya watoto wake kwamba tumemharibia likizo. Sikumjibu. Nilitaka kumpa kitambaa changu kilicholowa akishike.

Tangu siku ile, theluji tepe ikinyesha jioni, hatulali mpaka taya zote zimekaushwa.

Umeme ukikatika, kwa sababu uliuliza mwanzoni: springi hazijui kama kuna umeme. Kebini zinabaki zimening'inia zilipo, tunawasha injini ya dizeli ya akiba na kuizungusha kamba polepole mpaka kila mtu ashuke.

mama_ibra

Fundi, sina la kukulipa. Nilimsomea Ibra kila kitu, na ile ya ufunguo kubaki kituoni akairudia mwenyewe hadi akalala.

Jumamosi tumerudi. Tulisimama chini kituoni kama dakika ishirini tukitazama juu, mpaka kijana wa pale akaja kutuuliza kama tumepoteza kitu. Ibra akamwonyesha matairi kwa kidole na kumweleza, kwa Kijerumani chake cha shuleni, kwamba yanasukuma bamba. Yule kijana akafurahi, akatusogeza mahali ambapo tuliiona reli inavyoukandamiza ule mkono. Nimeona taya zikifunguka, dada yenu. Nimeona kamba ikitoka. Tulipanda, na nilipousikia ule mlio nilijua ni kitu gani.

Njiani Ibra ameleta swali jipya na amenisisitiza nilete kwako: yale matairi yakipata pancha?

fundi_machame

Mwambie Ibra salamu zake nyingi, na kwamba pancha zipo. Matairi mengi yamejazwa upepo kama ya baiskeli, na asubuhi tunapita na kipimo cha upepo kukagua. Likilegea moja, bamba la juu ya kibanio ni refu, kwa hiyo majirani zake wanaendelea kuisukuma kebini. Lakini kebini itachelewa kidogo. Kituo kimegawanywa vipandevipande vyenye sensa, na kila kipande kinajua kebini inatakiwa kuvuka kwa muda gani. Ikichelewa kupita kiasi, kila kitu kinasimama, nami napanda ngazi na tairi jipya begani.

Akija upande wetu kiangazi, nitamwonyesha lililotoboka. Nimeliweka gerejini.